Programu za CNC Ndogo: Pesa Yako Iende Wapi Kwanza

Ukishalipia mashine, meli hadi bandari ya Dar es Salaam, lori hadi Kasumbalesa na ushuru wa forodha, mfukoni hubaki kidogo. Ndipo muuzaji anapokuambia kwamba bado unahitaji programu ya kuchorea, na kwamba ile nzuri ni ya mamia ya dola. Usitoe pesa bado. Kama umenunua mashine ndogo ya CNC ili uchonge mabamba ya majina, vibao vya milango ya ofisi, misalaba au mapambo ya ukutani hapa Lubumbashi, jibu langu ni fupi: mwanzoni usilipe hata franka moja kwa programu. Za bure zinatosha kazi hiyo. Ya kulipia utainunua baadaye, moja tu, ya kulipa mara moja, wakati kazi za wateja zimeshaanza kuleta pesa. Akiba uliyoiweka inunue visu, vibanio na betri ya kukusaidia SNEL wanapokata umeme.

Wengi hutoa pesa mahali pasipostahili kwa sababu hawajaambiwa kwamba neno programu hapa linabeba kazi tatu. Ya kwanza ni kuchora: herufi, nembo, ua, picha. Ya pili ni kukokotoa njia ya kisu, yaani kisu kipite wapi, kishuke milimita ngapi na kiende kwa mwendo gani. Matokeo yake ni faili ya maandishi inayoitwa G-kodi. Ya tatu ni kuituma faili hiyo kwa mashine, mstari mmoja baada ya mwingine. Programu moja inaweza kufanya kazi mbili au zote tatu, au moja tu. Kabla ya kununua, muulize muuzaji: hii inafanya ipi kati ya tatu? Akishindwa kujibu, usimpe dola yako.

Mashine yenyewe nayo inakuchagulia. Zile ndogo kabisa, zinazouzwa kwa jina la 3018, zina eneo la kuchonga la milimita 300 kwa 180, na bodi yake huendeshwa na GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Kwa mashine hiyo, kazi ya tatu haina bei. Candle huja nayo kwenye diski au flashi, na Universal Gcode Sender inapakuliwa bure. Muuzaji akikutoza kwa programu ya kutuma, anakuuzia kitu cha bure.

Zile kubwa kidogo, za 6040, zina eneo la milimita 600 kwa 400, na hapo kuna gharama ambayo tangazo halisemi. Nyingi zimetengenezwa kuendeshwa na Mach3. Leseni yake ni dola 175, na toleo la majaribio haliendeshi faili inayozidi mistari 500 ya G-kodi. Bamba moja la jina lenye maua pembeni hupita mistari hiyo mapema. Baadhi ya mashine hizo bado zinatumia ile plagi pana ya zamani ya printa, ambayo laptopu za leo hazina, kwa hiyo utalazimika pia kutafuta kompyuta kuukuu ya mezani yenye Windows ya biti 32. Kwa hiyo 6040 inayoonekana nafuu ipigie hesabu upya: ongeza leseni, ongeza kompyuta, halafu ndiyo uilinganishe na nyingine. Kama bado hujalipa, mwambie muuzaji unataka yenye bodi ya GRBL na waya wa USB. Kama umeshalipa na kompyuta kuukuu unayo, LinuxCNC ni ya bure na inafanya kazi ya Mach3, ila itakudai uvumilivu wa kuisakinisha. Kijana wa Polytechnique pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) anaweza kukusaidia kwa gharama ndogo kuliko leseni.

Tuje kwenye kuchora. Hapa watu wa mabango na sare wana nafuu, maana wengi wao tayari wanachora kwa CorelDRAW. Kama ndiyo unayoijua, ibakie hiyo hiyo, toa faili ya SVG au DXF, basi. Kama unaanza na huna kitu, pakua Inkscape. Ni ya bure, ina Kifaransa, inafanya kazi bila mtandao, na haihitaji kompyuta yenye nguvu. Kwa kibao cha herufi na nembo, sioni sababu ya kulipia programu ya kuchora. Inkscape ina sehemu yake ya kutoa G-kodi pia, lakini ni ngumu kuielewa na inakula muda, kwa hiyo itumie kuchora tu.

Kazi ya kukokotoa ndiyo ghali, na ndiyo yenye mitego.

Kwa herufi za kuchonga kwa kisu cha V, ile michongo inayoanza nyembamba, ikanenepa na kuzama katikati, anza na F-Engrave. Ni ya bure, ni nyepesi, na ukishaipakua haikuombi mtandao tena. Sura yake ni ya kizamani, lakini bamba lake likitoka huwezi kulitofautisha na lililokokotolewa na programu ya mamia ya dola. Inachonga herufi na mistari tu. Kukata umbo likatoke nje, au kuchimba bonde lenye sakafu bapa, si kazi yake.

Kwa kukata na kuchimba, FreeCAD ni ya bure pia, ina Kifaransa, na toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Ndani yake kuna sehemu ya kukokotoa njia ya kisu, na unaweza kuiagiza itoe G-kodi inayofaa GRBL. Bei yake halisi ni muda. Mtu anayeijua kompyuta atahangaika nayo wiki kadhaa kabla ya kuizoea. Kama una kazi ya mteja ya keshokutwa, usianze nayo kesho. Lakini kama unachonga jioni baada ya kazi na hakuna anayekusubiri, ni pesa iliyobaki mfukoni.

Fusion ya kampuni ya Autodesk inasifiwa sana na wengi huambiwa ni bure. Ni bure kwa masharti. Tangu Oktoba 2020, toleo la matumizi binafsi linakuruhusu kuwa na michoro 10 tu inayofunguka kwa kuhaririwa kwa wakati mmoja, na limeondolewa mwendo wa haraka wa kisu kinapokuwa hewani. Kwenye mashine ya 3018, ambayo haina kasi kubwa, sharti hilo la pili haliumi sana. Yanayouma ni mengine. Faili zako zinakaa kwenye seva zao, hivyo kila kazi inakula mega zako. Programu yenyewe ni ya gigabaiti kadhaa kupakua, na laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inaibeba kwa taabu. Na imewekwa kwa asiyefanya biashara: ukipata zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kutokana na kazi unayoifanya nayo, unatakiwa uhamie toleo la kulipia kila mwaka. Kwa mwanafunzi wa mitambo ni chombo kizuri cha kujifunzia. Kwa mchongaji wa Katuba anayetaka kuuza vibao, ni mlango unaofunguka kwa urahisi na kufungwa pale tu biashara inapoanza kushika.

Kuna na zile zinazofunguka ndani ya kivinjari, kama Easel. Ni rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza, na mtoto wa sekondari anaweza kutoa bamba la kwanza siku hiyo hiyo. Ila hapa kwetu ni mega zinazolipiwa kwa siku au kwa wiki, na mtandao unaolegea mvua ikinyesha. Zitumie kujifunza, usiziwekee biashara yako. Na vitu vizuri zaidi ndani yake huwekwa kwenye ada ya kila mwezi.

Ada za kila mwezi zinahitaji neno la peke yake, kwa sababu bei inayoandikwa si ile utakayolipa. Ili ulipe unahitaji kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Kadi ina gharama ya kuitoa, ya kuitunza kila mwezi na ya kila malipo. Bei ikiwa kwa yuro, benki inabadilisha dola zako kwa kiwango chake yenyewe. Salio likipungua siku ya kukatwa, programu inafungwa, na michoro yako iliyo ndani yake inafungwa nayo. Kwa mtu ambaye kipato chake kinaingia leo na kukosekana wiki ijayo, malipo ya mara moja ni afadhali hata yakiwa makubwa zaidi.

Wengi wasio na kadi humpa mtu pesa taslimu alipe kwa kadi yake, naye anaongeza faida yake juu, au humwomba ndugu aliye nje ya nchi. Hakuna ubaya, lakini simamia jambo moja: leseni iandikishwe kwa barua pepe yako wewe, si ya mlipaji. Siku kompyuta itakapoharibika na ukahitaji kuisakinisha upya, namba ya leseni itakuwa kwenye sanduku la barua la mtu mwingine, ambaye huenda amebadilisha simu au mmekosana. Na kama unalipa kwa noti, kumbuka dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa. Chagua noti zako kabla hujaondoka nyumbani.

Kati ya programu za kulipa mara moja, mbili zinastahili kutazamwa na mwenye mashine ndogo. Estlcam, inayotoka Ujerumani, inauzwa chini ya yuro 100. Unaweza kuitumia kwa majaribio yenye kila kitu, kero yake ikiwa ni kusubirishwa kadiri unavyoendelea kuitumia bila kulipa. Inakata, inachimba, inachonga kwa kisu cha V, na haina mbwembwe. Thamani yake ni nzuri.

Ya pili ni VCarve Desktop ya kampuni ya Vectric, kwa karibu dola 350. Ni kwa Windows tu. Ina kikomo cha kazi ya sentimita 63.5 kwa 63.5, ambacho kwa 3018 na hata 6040 ni zaidi ya unachohitaji. Ndugu zake wakubwa ni VCarve Pro, karibu dola 700, na Aspire, karibu dola 2,000. Aspire ni ya kuunda sanamu na maumbo ya kuinuka kutoka mwanzo. Mtu mwenye meza ya sentimita 30 hana sababu ya kununua Pro, na Aspire asiifikirie kabisa. Unachokilipia kwenye Desktop ni muda: kuchora, kukokotoa na kuona kwenye kioo bamba litakavyotoka, vyote mahali pamoja, bila kuhamisha faili kati ya programu mbili tatu. Makosa mengi yanaonekana hapo hapo kabla ya kuharibu ubao.

Utaambiwa pia kwamba ArtCAM iko "bure" kwenye flashi. Autodesk waliacha kuiuza mwaka 2018, kwa hiyo kinachozunguka ni nakala za wizi. Hata ukiweka sheria kando, angalia gharama: flashi zile huja na virusi, programu inagoma ukibadilisha Windows, na faili ikiharibika hakuna wa kumuuliza. Nakala iliyofunguliwa kwa wizi ikikuharibia ubao wa mulombwa, huo ambao Watanzania wanauita mninga, umeshalipa sehemu ya bei ya leseni halali, na leseni bado huna.

Sasa kuna sehemu inayookoa pesa kuliko zote. Watu wengi wanaonunua programu ya pili au ya tatu hawakuwa na programu mbovu. Walikuwa na mpangilio mmoja uliokosewa. Kabla ya kubadilisha chochote, pima.

Kitu kikitoka kwa ukubwa usio wake, usiulaumu mchoro kwanza. Iamuru mashine isogee milimita 100 kwa vitufe vya programu ya kutuma, bila faili yoyote, kisha pima kwa rula ya chuma. Ikisogea 100 kamili, mashine ni nzima na kosa liko kwenye faili. Ikisogea 98, kosa liko kwenye bodi. Mashine nyingi za 3018 hutoka zikiwa na thamani ya 800 kwenye mipangilio ya $100, $101 na $102, yaani hatua 800 za mota kwa kila milimita. Zidisha 800 kwa 100, gawanya kwa 98, utapata 816.3. Iandike hiyo kwenye mhimili husika na upime tena. Kazi ya dakika chache, haina malipo, na kuna mafundi wanaoitoza dola.

Kama mashine ni nzima, basi linganisha ukubwa uliotaka na uliotoka. Kikiwa kikubwa au kidogo mara 25.4, faili imesomwa kwa inchi badala ya milimita, au kinyume chake. Fungua G-kodi kwa kihariri cha maandishi na utafute mwanzoni: G21 ni milimita, G20 ni inchi. F-Engrave ukiifungua mara ya kwanza inakuja kwa inchi, kwa hiyo ibadilishe kabla ya yote. Kikikosea kwa asilimia sita au saba tu, kosa ni la siri zaidi. Inkscape za zamani zilihesabu nukta 90 kwa inchi, na tangu toleo la 0.92 la mwaka 2017 zinahesabu 96. Nembo ya kanisa iliyochorwa kwenye kompyuta ya zamani ikifunguliwa kwenye mpya inaweza kubadilika ukubwa bila wewe kugundua, hadi pale bamba linapokataa kuingia kwenye fremu. Andika upana halisi kwa milimita kila unapofungua mchoro wa mtu mwingine.

Kosa jingine linatupata sisi kuliko wengine, kwa sababu kompyuta zetu zimepangwa kwa Kifaransa. Windows ya Kifaransa inaandika 12,5 kwa mkato, na mashine inataka 12.5 kwa nukta. Programu nyingine huufuata mpangilio wa Windows na kuandika mkato ndani ya G-kodi. GRBL ikiukuta inasimama na kuandika kosa namba 1. Mtu anasema programu haifai, anatafuta nyingine. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya lugha na eneo ya Windows, ukabadilisha alama ya desimali kuwa nukta, ukafunga programu, ukaifungua na kutoa faili upya.

Kosa namba 20 maana yake ni kwamba faili ina amri ambayo GRBL haiijui. F-Engrave hukuletea hili siku ya kwanza kabisa: kwenye mistari ya utangulizi wake huweka G64, ambayo ni ya LinuxCNC. Ifute pamoja na namba ya P inayoifuata, uhifadhi mpangilio, basi. Programu nyingine huweka M6 ya kubadilisha kisu au G81 ya kutoboa, nazo hazikubaliki. Unapotoa faili chagua aina ya GRBL, usichague Mach3. Kosa namba 9 ni jepesi zaidi: mashine imejifunga baada ya tahadhari. Hakikisha kisu hakijagusa kitu, kisha andika $X.

Kisu kikizunguka kwa unyonge na kuunguza ubao, tazama namba ya S kwenye faili na thamani ya $30 kwenye bodi. Kama faili inaagiza S1000 na $30 ni 10000, umeiambia mota izunguke kwa sehemu moja ya kumi. Watu wamenunua mota mpya kwa sababu hiyo. Na kama ulikuwa umefunga leza ukairudisha mota, hakikisha $32 imerudi kuwa 0.

Kina cha herufi ndicho kinachoharibu mbao nyingi kuliko vyote, na hapa visu vya bure vinavyokuja na mashine ndivyo vyenye lawama. Kisu cha V kinachonga upana kwa kushuka. Chukua herufi yenye unene wa milimita 10. Kwa kisu cha digrii 90, kisu kitashuka milimita 5. Kwa kisu cha digrii 60, kitashuka karibu milimita 8.7. Lakini vile visu vyembamba vinavyojaa kwenye kiboksi cha mashine ya 3018 mara nyingi ni vya digrii 20, na kwa hesabu ile ile vinatakiwa kushuka zaidi ya milimita 28. Ubao wako una 18. Kisu kinatoboa ubao, kinaingia kwenye meza, kinavunjika, na mwenye mashine anaamini programu ya bure haijui kukokotoa. Imekokotoa sawasawa kwa namba iliyopewa. Nunua kisu cha digrii 60 na kimoja cha digrii 90, vyenye shina la milimita 3.175, kwa dola chache, na andika pembe halisi ya kisu ndani ya programu. F-Engrave ina mahali pa kuweka kikomo cha kina, kitumie. Dola hizo chache zitaboresha kazi yako kuliko leseni yoyote.

Herufi zikikosekana kabisa kwenye njia ya kisu, rudi kwenye mchoro. Maandishi yawe yamegeuzwa kuwa mistari, na kila umbo liwe limefungwa. Ukitoa DXF kutoka Inkscape, chagua milimita. Nembo iliyopigwa picha kwa simu na kugeuzwa mistari na kompyuta huja na vipindo maelfu, na mashine inatetemeka badala ya kuteleza. Ichore upya kwa mkono. Ni nusu saa, na mteja ataona tofauti.

Mashine ikisimama katikati bila kosa lolote kuandikwa, tazama waya wa USB na usingizi wa kompyuta. Zima usingizi, tumia waya mfupi na mnene, uuweke mbali na waya wa mota. Kwa 3018 kuna kisanduku kidogo cha kutumia kadi ya kumbukumbu, kinachotuma G-kodi bila kompyuta kabisa. Kwa anayetumia laptopu moja na familia nzima, kisanduku hicho kina thamani.

Umeme ukikatika kazi ikiendelea, laptopu inabaki hai kwa betri yake huku mashine imekufa, na ikirudi haijui tena kisu kilikuwa wapi. Programu ya bei yoyote haikuokoi hapo. Gawa kazi kubwa kuwa faili kadhaa: herufi peke yake, mapambo peke yake, ukingo peke yake. Acha kona moja ya ubao bila kuchongwa, ndiyo utakayotumia kupata sifuri tena, kisha uendelee na faili iliyokatizwa.

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, iwe betri yenye kigeuza umeme. Mashine ya 3018 inatumia volti 24 na kwa kawaida haizidi wati 150. Ongeza laptopu, unafika kama wati 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiishusha hadi nusu tu ili isife mapema, itakupa kati ya saa mbili na nusu na saa tatu. Zinatosha kumaliza bamba. Kwa 6040 yenye mota ya kisu ya kilowati moja au zaidi, hesabu hiyo haipo tena, itakuwa jenereta na mafuta yake, na hilo liingize kwenye bei ya kila kazi. Ni sababu nyingine ya mwanzo mdogo.

Mji wetu ni wa shaba, na utatamani kuchonga shaba au malakiti kwa sababu watalii na ofisi za migodi hulipa vizuri. Kwa mashine ndogo, shaba inanata kwenye kisu na kula visu vingi kuliko faida. Malakiti ni laini, lakini vumbi lake lina shaba na lina sumu kwa mapafu. Bila maji na barakoa nzuri, achana nayo. Hakuna programu inayobadilisha hilo. Anza na ubao laini wa msonobari au MDF, makosa yake ni ya bei nafuu, halafu upande kwenye mulombwa.

Unapofika mahali pa kufikiria VCarve Desktop, usinunue kwa sifa za watu. Pakua toleo la majaribio. Linakuachia kuchora na kuona kila kitu, ila halitoi faili ya kuchongea mchoro wako mwenyewe, hutoa ya michoro yao ya mfano tu. Chukua bamba ulilokwisha kumtengenezea mteja kwa Inkscape na F-Engrave, lichore upya humo, upime saa. Kama ulitumia saa mbili na sasa umetumia dakika 40, jua unachonunua. Halafu toa bei ya ubao, visu na umeme kwenye bei ya bamba moja. Zikibaki dola 10, leseni italipwa na mabamba 35. Fungua daftari lako la oda: kama 35 hayajafika wala hayaonekani katika miezi michache ijayo, Estlcam kwanza, au endelea na za bure.

Na kabla ya kulipa yoyote kati yake, muulize muuzaji wa leseni kama inaruhusiwa kuhamishiwa kompyuta nyingine. Laptopu ya mtumba uliyo nayo leo huenda isifike mwaka ujao.